Shajara ya mradi: lita zilizopotea kati ya jioni na asubuhi, Rungwe

6 Machi 2025, Tukuyu

Mfumo huu unahesabu maziwa ya chama cha wafugaji: vituo vitano vya kukusanyia, wanachama mia sita na ushei. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza kumbukumbu zote, ni moja ya mezani ofisini, ina mfumo endeshi wa Ubuntu na hifadhidata ya PostgreSQL 16. Kila kituo kina simu ya Android yenye programu niliyoiandika mwenyewe. Karani akipokea maziwa anagusa jina la mfugaji, anaandika lita, simu inatunza kumbukumbu ndani yake kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya simuni, na mtandao ukipatikana inatuma ofisini. Mwisho wa mwezi mhasibu anafunga hesabu, watu wanalipwa.

Malipo ya Februari yametoka jana. Leo saa 5 asubuhi ameingia mama mmoja kutoka upande wa Busokelo, kanga imelowa mpaka mabegani, kadi yake ya maziwa ameiviringisha kwenye kipande cha nailoni isipate mvua. Nimemwamkia, ameitikia marahaba, kisha akaifungua ile kadi taratibu mezani kwangu. Karani wa kituo huandika lita kwenye kadi hiyo kila anapopokea, kwa kalamu, mbele ya mwenye maziwa.

"Mwanangu, ng'ombe wangu hajakauka. Kompyuta yenu ndiyo imemkausha."

Kadi inasema lita 214 kwa Februari. Mfumo unasema 171.5. Pengo ni lita 42.5, na kwa mwenye ng'ombe mmoja hiyo ni ada ya mtoto au dawa ya mifugo.

Mzee katibu amemwambia kwa upole kwamba huenda karani alikosea kuandika kwenye kadi, kwa sababu mfumo haukosei. Nimeomba ruhusa nimkatize. Kadi imeandikwa na mtu aliyeyaona maziwa kwa macho yake. Mfumo haujawahi kuona hata tone. Nimeomba nipewe mpaka mwisho wa mwezi. Amekubali, na mama ameniachia kadi. Nimeipiga picha kurasa zote na kumrudishia, maana hiyo kadi ndiyo risiti yake, haipaswi kulala ofisini.

7 Machi

Nimelinganisha kadi na hifadhidata mstari kwa mstari. Kadi ina zamu 55 (Februari ina zamu 56 ukihesabu asubuhi na jioni, jioni ya tarehe 19 ni tupu). Mfumo una zamu 42. Zamu 13 hazipo.

Kilichonishtua zaidi ni saa za zile zilizopo. Nimeiambia hifadhidata inionyeshe muda kwa saa za hapa kwetu, nikahesabu mapokezi yote ya Februari kwa kila saa ya siku, vituo vyote vitano. Nilitegemea vilima viwili: kimoja kati ya 06:00 na 08:00, kingine kati ya 16:00 na 18:00. Vilima hivyo vipo. Lakini pembeni kuna vichuguu vingine: mapokezi saa 01:20, 01:35, 10:30, 11:15, 12:40. Hakuna mtu Rungwe anayepeleka maziwa kituoni saa saba usiku.

Nimeziangalia zile 01:20 kwa dakika nzima kabla sijaelewa. Sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Nilipaswa kuzisoma kwa sauti.

Saa moja na ishirini asubuhi. Saa kumi na moja na robo jioni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

8 Machi, Mbeya mjini

Nimerudi nyumbani, niandike chanzo chote mara moja kabla hakijanitawanyika.

Mwanzoni programu ilichukua muda kutoka kwenye saa ya simu, kimyakimya, karani alipogusa kitufe cha kuhifadhi. Hapo hapakuwa na kosa. Lakini mvua za Desemba zilipoanza, makarani walinieleza kwamba asubuhi hawawezi kutoa simu nje: mikono imelowa, watu wamejipanga, chaji imeisha. Wanaandika kwanza kwenye daftari, wanaingiza baadaye mchana. Nikawaongezea sehemu ya kuandika muda kwa mkono. Hiyo ilikuwa tarehe 14 Januari. Sikuweka mfano wowote pale kwenye kisanduku, sikuuliza mtu yeyote angeandika nini. Karani anafungua daftari lake, limeandikwa "1:20", anaandika 1:20. Amefanya sawasawa kabisa. Aliyekosea ni mimi niliyempa kisanduku kinachosoma saa ya kizungu.

Sasa fuatilia maziwa ya huyu mama. Jioni ya tarehe 5 Februari ameleta saa 11:15. Imeandikwa 11:15. Programu inapanga zamu kwa kanuni rahisi: kabla ya 12:00 ni asubuhi, baada ya hapo ni jioni. Kwa hiyo yamekuwa maziwa ya asubuhi ya tarehe 5. Kesho yake, tarehe 6, ameleta saa 1:20 asubuhi. Imeandikwa 01:20, zamu ni asubuhi, hapo ni sawa. Ila tarehe haipangwi na simu, inapangwa na seva, na seva yangu niliiacha kwenye saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia, kama ilivyokuja. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Saa 01:20 ya tarehe 6 hapa kwetu ni 22:20 ya tarehe 5 huko. Kwa hiyo maziwa ya asubuhi ya tarehe 6 yamesimama mlangoni yakidai kiti cha "asubuhi, tarehe 5", na kiti hicho kimeshakaliwa na maziwa ya jioni.

Jedwali lina sharti la upekee: mfugaji mmoja, tarehe moja, zamu moja. Na amri yangu ya kuingiza imemalizika na ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ikitokea mgongano usifanye lolote. Seva ikayatupa maziwa ya tarehe 6, kisha ikaijibu simu kwamba imepokea.

Hilo la UTC lingeweza kukaa miaka bila kuonekana. Muda ukiandikwa vizuri, maziwa ya 07:20 kwa UTC ni 04:20, tarehe ileile. Hitilafu mbili, ya saa iliyoandikwa na ya UTC, zimeshikana mikono.

Nitaeleza pia kwa nini niliweka ile DO NOTHING, maana haikuwa uzembe. Mtandao wa huku hukatika katikati: simu inatuma, seva inaandika, jibu linapotea njiani, simu inatuma tena. Bila kinga hiyo mfugaji angehesabiwa mara mbili. Tatizo ni kwamba niliiweka kinga kwenye mlango usio wake. Kumbukumbu moja kutumwa mara mbili ni jambo moja. Kumbukumbu mbili tofauti kugombea nafasi moja ni jambo jingine, na hili la pili ni habari ambayo mtu lazima aione.

9 Machi

Jumapili, lakini siwezi kukaa. Simu hufuta kumbukumbu zake siku 60 baada ya kujibiwa kwamba zimepokelewa. Kumbukumbu za tarehe 14 Januari zitafutwa tarehe 15 Machi. Zile zilizotupwa na seva zipo sehemu tatu tu duniani: kwenye simu za vituo, kwenye madaftari na kwenye kadi za wafugaji. Nimetengeneza toleo la programu lisilofuta kitu, lenye kitufe cha kutoa nakala ya kila kilichomo. Kulituma kwa mtandao sina imani nako. Nitakwenda mwenyewe kwenye vituo vyote.

11 Machi, kituo cha kwanza na cha pili

Kosta kutoka Mbeya saa 11 alfajiri, Uyole, Kiwira, Tukuyu. Ukungu mpaka saa 2, dereva amewasha taa njia nzima. Kutoka Tukuyu bodaboda.

Kituo cha kwanza, dakika kumi. Simu nzima, nakala imetoka.

Cha pili nimekaa mpaka jioni kwa sababu nilitaka kuona kazi inavyofanyika, jambo ambalo nilipaswa kulifanya Januari. Saa 10 na nusu watu wameanza kufika. Karani ni kijana mtaratibu sana. Anakoroga maziwa, anachota, anatumbukiza laktomita, kifaa cha kupima kama maziwa yametiwa maji, anainama macho yawe usawa wa alama, anasubiri itulie. Kisha anapima kwa jagi, anamimina kwenye ndoo ya aluminiamu kupitia kitambaa, anaandika kwenye daftari, anaandika kwenye kadi ya mfugaji. Mikono yake imelowa muda wote. Daftari lake lina kona zilizovimba kwa unyevu na kila ukurasa una duara la maziwa mahali anapoliweka jagi. Amenionyesha ukurasa wa tarehe 6 Februari. Mstari wa yule mama upo: "1:20, 4". Ulikuwepo muda wote.

Nimemuuliza kwa nini anaandika saa kabisa, ikiwa kinachotakiwa ni lita. Amenijibu, "Dada, wewe ndiye uliyeuliza saa. Sisi huwa tunaandika asubuhi au jioni tu."

Nimeangalia kurasa za Novemba na Desemba. Kweli. Hakuna saa hata moja. Kila ukurasa una nusu mbili, juu imeandikwa A, chini imeandikwa J.

12 Machi, kituo cha tatu

Hapa pana jambo jipya. Hawatumii jagi, wana mizani ya kuning'iniza. Karani anapima kwa kilo na kuandika kwenye sehemu ya lita, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na skrini yangu ina neno moja tu, "Kiasi".

Maziwa ni mazito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.03 hivi, ikipanda na kushuka kidogo kufuatana na mafuta yaliyomo na joto. Kwa hiyo kilo 103 ni lita 100. Wafugaji wa kituo hiki wamekuwa wakihesabiwa karibu asilimia tatu zaidi, na chama kimekuwa kikibeba tofauti kila gari la maziwa linapopimwa kule linakoshushwa. Mhasibu alikuwa akiliandika pengo hilo kama maziwa yaliyomwagika njiani, na dereva wa gari amelaumiwa miezi mingi. Nimempigia simu mwenyekiti leo leo kwa ajili ya huyo dereva.

Sitawashauri wabadili kipimo. Mizani ni kipimo kizuri, pengine kizuri kuliko jagi lenye povu. Kinachotakiwa ni mfumo utunze kile kilichopimwa pamoja na jina la kipimo chake, na lita zikokotolewe pembeni.

13 Machi, kituo cha nne na cha tano

Cha nne salama. Cha tano simu ya zamani ilitumbukia kwenye maji mwezi uliopita, wakapewa nyingine. Kumbukumbu zote za kabla ya tarehe 20 Februari zimekwenda nayo. Limebaki daftari.

Tumekaa na mama karani kwenye benchi, yeye anasoma, mimi naingiza kwenye kompyuta mpakato: jina, A au J, lita. Anasoma "nne na nusu", "tatu kasorobo", na mimi nageuza kuwa 4.5 na 2.75. Kurasa 38. Giza limeingia tukiwa kwenye ukurasa wa 30, tukawasha tochi ya simu. Mahali maji yalipofuta wino amesema wazi, "Hapa sioni," na hapo sikuandika kitu, nimeweka alama ili mwenye kadi aulizwe. Hakukisia hata mara moja.

Ndaga fijo, mama. Kwa Kinyakyusa, asante sana.

14 Machi

Nakala za vituo vyote ninazo, siku moja kabla ya simu kuanza kufuta. Nimelala.

17 Machi

Kabla ya kugusa hifadhidata nimetaka kuchukua nakala rudufu ya usiku uliopita na kuijenga upya kwenye kompyuta yangu, nifanyie majaribio huko. Nakala ya usiku uliopita haipo. Wala ya juzi. Ya mwisho ni ya Januari.

Sababu ni hii: niliipanga kazi ya pg_dump, amri ya kutoa nakala rudufu ya hifadhidata, ifanyike saa 8 usiku kila siku. Radi za Rungwe zilipochachamaa, ofisi ikaamua mlinzi azime kompyuta na kuchomoa nyaya kila jioni. Uamuzi sahihi kabisa, hata mimi ningewashauri hivyo. Lakini cron, kipanga kazi cha kompyuta, haikumbuki kazi iliyopitwa. Saa ikipita kompyuta ikiwa imezimwa, basi. Kwa zaidi ya miezi miwili hesabu za watu mia sita zimekaa kwenye diski moja.

Nimeihamishia saa 7 mchana, wakati ofisi imefunguliwa na mhasibu yupo mezani, kwa kipima muda cha systemd kilichowekewa Persistent=true ili kazi ikipitwa ifanyike kompyuta ikiwashwa tena. Nakala inakwenda kwenye diski ya nje ambayo mzee katibu anaondoka nayo kila Ijumaa. Na nimeijenga upya kwenye kompyuta yangu, nikahesabu mistari ya kila jedwali, zikalingana. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha huwezi kuitegemea.

19 Machi

Leo nimejenga. Sehemu ya kuandika muda nimeiondoa. Skrini ya kupokea sasa ina vitufe viwili vikubwa, ASUBUHI na JIONI, na juu yake LEO na JANA. Karani anagusa kile ambacho daftari lake limekuwa likisema siku zote.

Kwenye jedwali, tarehe ni safuwima ya tarehe tu, haina saa, na inatoka kwa karani. Zamu ni safuwima yake, inatoka kwa karani. Muda halisi wa kuingiza unabaki kwenye safuwima nyingine, unachukuliwa kimyakimya, kwa ajili yangu mimi ninayechunguza hitilafu. Hakuna hesabu ya malipo inayouangalia. Hifadhidata nzima nimeipangia ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam. Kwa vijana wanaojifunza, hili linachanganya wengi: aina ya timestamptz, ya kutunza muda katika PostgreSQL, haitunzi ukanda wa saa. Inatunza nukta ya wakati kwa UTC, kisha inaionyesha kwa ukanda wa yule anayeuliza. Kwa hiyo ukiigeuza kuwa tarehe, jibu linategemea nani ameuliza akiwa wapi. Kama unachotaka ni siku aliyoijua mfugaji, tunza siku, usitunze nukta.

Kila kumbukumbu sasa inapewa utambulisho wa aina ya UUID, namba ndefu isiyojirudia, palepale simuni. Ikitumwa mara mbili, seva inautambua na kuikataa ile ya pili kimya. Hapo DO NOTHING iko mahali pake. Lakini kumbukumbu mbili zenye utambulisho tofauti zikigombea mfugaji, tarehe na zamu ileile, ile ya pili inaingia kwenye jedwali la "mapokezi_ya_kukaguliwa", na mhasibu anaiona kwa rangi nyekundu kila asubuhi. Hakuna maziwa yanayotupwa tena bila binadamu kuambiwa.

20 na 21 Machi, siku mbaya

Safuwima ya lita niliitengeneza kwa aina ya double precision. Nusu na robo hazina shida humo, zinatunzwa kamili. Lakini 3.2 na 3.7 hazitunziki kamili kwa namba za msingi wa mbili, na ukijumlisha maelfu unapata mikia ya desimali isiyokuwepo kwenye daftari lolote. Nilitaka kuigeuza iwe numeric(7,2), inayotunza desimali mbili kamili. Amri ya mstari mmoja. Kwenye kompyuta yangu ilichukua chini ya sekunde mbili. Saa 9 na nusu alasiri nikaiendesha kwenye seva.

Haikurudi. Dakika moja, tano, kumi. Saa 10 na nusu simu za vituo zikaanza kuita: "Dada, haitumi." Kituo baada ya kituo.

Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya wanaotumia hifadhidata kwa wakati huo. Juu kabisa, kompyuta ya mhasibu, hali yake "idle in transaction", yaani muamala uko wazi bila kufanya lolote, tangu saa 3 asubuhi. Skrini ya ripoti niliyomwandikia hufungua muamala (kundi la amri zinazokamilika au kufutwa pamoja) inapoanza kusoma, na huufunga pale tu mtu anapobonyeza "Funga". Mhasibu alifungua ripoti asubuhi, akapigiwa simu ya msiba, akaondoka kama mtu yeyote angeondoka. Muamala wake uliosoma jedwali la mapokezi ulibaki na kufuli jepesi mkononi. Amri yangu ya kubadili aina inahitaji kufuli zito kabisa, lisilokaa na mwingine, hivyo ikasimama nyuma yake kusubiri. Na kila aliyekuja baada ya hapo, hata wa kusoma tu, akapangwa foleni nyuma yangu. Aliyeziba njia alikuwa amri yangu.

Nimeisitisha amri yangu kwanza, foleni yote ikapita papo hapo. Maziwa ya jioni yameingia yote, hakuna kilichopotea, kwa sababu simu hutunza mpaka ijibiwe.

Kisha nimefanya mambo matatu ambayo sasa ni sheria ya mradi. Skrini ya ripoti inasoma, inafunga muamala, ndipo inaonyesha. Hifadhidata ina idle_in_transaction_session_timeout ya dakika tano, inayomtoa aliyeacha muamala wazi. Na badiliko lolote la muundo wa jedwali linaanza kwa kuweka lock_timeout ya sekunde tatu: ikishindwa kupata kufuli ndani ya hapo, iondoke, isizibe watu. Nimeirudia saa 7 mchana kesho yake, wakati hakuna maziwa, ikapita kwa sekunde moja na nusu.

Mhasibu amerudi akaniuliza kama yeye ndiye aliyeharibu. Nimemwambia hapana, na nimemwonyesha mstari wa programu ulioharibu, jina la aliyeuandika likiwa pembeni yake.

24 Machi

Dogo, la haraka. Makarani wanalalamika kwamba kutafuta jina kunachukua muda. Orodha hutokea baada ya kuandika herufi tatu za ukoo. Mwakalinga, Mwakyusa, Mwambene, Mwaipopo. Herufi tatu za kwanza Rungwe ni Mwa, na Mwa ni zaidi ya nusu ya wanachama. Nilipoteza asubuhi nzima nikihangaika na faharasa, na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoeleza hifadhidata ilivyotafuta jibu, ikinionyesha kila mara kwamba jedwali linasomwa lote. Ilikuwa inafanya sawa: ukihitaji zaidi ya nusu ya mistari, kusoma yote ni haraka kuliko kupitia faharasa. Hifadhidata ilimaliza kazi yake kwa milisekunde chache. Kilichochelewa ni majina mia tatu na picha zao kusafiri mpaka kwenye simu.

Sasa wanatafuta kwa namba ya uanachama, au kwa jina la kwanza pamoja na kitongoji, na picha haiji mpaka uguse jina. Niligundua humo humo kwamba kuna majina kamili yanayofanana, jina na ukoo, zaidi ya nilivyodhani. Nimeliandika hapa nisilisahau.

27 Machi

Siku ya kurejesha. Nimeifanya kwanza kwenye nakala iliyo kwenye kompyuta yangu, kisha kwenye seva, zote ndani ya muamala mmoja. Nimeingiza kumbukumbu za simu na za daftari, zikipangiwa tarehe na zamu upya kwa kusoma saa kama zilivyosemwa na mwandishi wake. Kabla ya kukamilisha muamala nimejumlisha kituo kwa kituo, siku kwa siku, mzee katibu akisoma madaftari upande wa pili wa meza. Mara mbili tumekuta tofauti, nimerudisha nyuma, nimesahihisha, nimeanza upya. Mara ya tatu zimelingana, nikaandika COMMIT saa 11 na dakika kumi jioni. Mzee katibu amekunja miwani yake bila kusema neno, kisha akaomba orodha ichapishwe kwa herufi kubwa ibandikwe ukutani kwenye kila kituo.

Wanachama 87 wanadai. Watalipwa pamoja na malipo ya Machi. Kile kituo cha kilo, kamati imeamua wafugaji wasikatwe cha nyuma, na dereva ameombwa radhi mbele ya kikao.

Kuna kitu kimoja hakijanikalia. Yule mama wa kwanza, kadi yake inasema 214. Mfumo sasa unasema 218. Nilitafuta zamu 13, nimerudisha 14. Ya ziada ni jioni ya tarehe 19 Februari, lita 4. Imo kwenye simu, imo kwenye daftari, haimo kwenye kadi.

2 Aprili

Nimeshuka tena Busokelo. Nimemkuta mama anakata matete nyuma ya nyumba, nimemwamkia, nimemsomea orodha yote tukiwa tumesimama palepale. Kila mstari ameuitikia kwa kichwa. Nilipofika tarehe 19 jioni akaweka panga chini.

"Hiyo hapana, mwanangu. Siku hiyo nilikuwa msibani Lwangwa, maziwa ya jioni walikunywa wajukuu. Hizo nne si zangu."

Nimerudi kituoni, nimefungua daftari ukurasa wa tarehe 19. Jina lake lipo, mara moja, nusu ya J. Karani ameliangalia muda mrefu, kisha akasema kwamba wako wawili, jina moja, ukoo mmoja, mmoja anakaa juu barabarani, mwingine bondeni mtoni. Kwenye daftari huwa anaandika jina tu kwa sababu yeye anawajua. Kwenye orodha ya simu aligusa wa juu.

Tumeteremka bondeni. Mama wa pili ametoa kadi yake kutoka chini ya godoro. Jioni ya tarehe 19, lita 4, mwandiko wa karani. Nimemuuliza kwa nini hakuja ofisini kulalamika.

"Niliona zimepungua," amesema. "Nikadhani ndivyo mashine ilivyopanga."

Nimekaa kwenye kigoda chake, kompyuta magotini, nikiuwinda mtandao mpaka ukaja. Nimehamisha lita 4 kwenda namba yake ya uanachama, nimemgeuzia skrini aone. Akaomba nimsomee pia siku nyingine zote za mwezi huo, moja moja, na nimemsomea.